Dari Inayong'aa Kama Kiatu cha Afisa

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililitengeneza kwa mbao za mlango mbovu, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha viatu ili mteja akae akingoja gundi ishike. Siku hizi mteja ndiye anayesimama. Wenye benchi wamekuwa hawa: Rola, fundi rangi, mwenye madoa meupe mpaka kwenye nyusi; Fyuzi, fundi umeme, anayeweka bisibisi sikioni kama karani anavyoweka kalamu; na Daktari, ambaye si daktari wa kitu chochote. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali miaka saba, akaacha, sasa anauza kahawa ya birika na kutoa ushauri wa afya bila kuombwa. Mimi wananiita Soli. Alasiri ile tulikuwa sisi wanne, kahawa bado ya moto, tunabishana kama mvua inaweza kunyesha upande mmoja tu wa barabara, Tabasamu akatokea.

Tabasamu ni mpiga picha. Studio yake iko milango miwili kutoka kwangu, na jina hilo kalipata kwa sababu siku nzima utamsikia, "tabasamu, tabasamu kidogo, usifumbe macho." Siku ile yeye mwenyewe hakuwa nalo hata la kuazima. Alikuja mbio mbio, akasimama mbele ya benchi, akawanyooshea kidole Rola na Fyuzi.

— Mmoja wenu anamfukuza mama yangu nyumbani kwangu, — alisema. — Na leo nitamjua ni nani.

— Wee! — Rola alishusha kikombe. — Punguza sauti. Mimi na mama yako hatujawahi kukosana hata kwa kutazamana.

— Wala mimi, — alisema Fyuzi. — Tena mimi alinibariki. Alinishika mkono akasema, Mungu akulinde na shoti.

— Cheka! Wewe cheka! Mke wangu amenipigia simu sasa hivi niko studio. Mama anaondoka. Amemwita mdogo wake aje amchukue, na mdogo wake amekodi gari, yuko njiani. Saa kumi na nusu anafika. Sababu? Dari!

— Dari imeanguka? — aliuliza Daktari, macho yakiwaka kwa tamaa ya habari.

— Ingeanguka ningeshukuru.

Ngoja niwaeleze, maana Tabasamu akipandwa na hasira huanzia hadithi mkiani. Mama yake alianguka uani kwake akavunjika nyonga. Hospitali wakamfunga, wakasema alale chali, asigeuke, miezi mitatu. Tabasamu akasema mama atauguzwa kwangu, na hilo tulimsifu sote. Milango ya vyumba vyake ni myembamba, kitanda cha mgonjwa hakipiti, basi kikawekwa sebuleni. Kabla mama hajaja aliitengeneza upya ile sebule. Dari mpya ya jipsamu, na kuzunguka kuta zote nne mfereji wa jipsamu hiyo hiyo, na ndani ya mfereji taa za LED, zile za mkanda, zinazotazama juu ili dari ndiyo iwake. Fyuzi akafunga taa, Rola akapaka rangi. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, hatua moja tu, kwa hiyo taa zinawashwa asubuhi na kuzimwa watu wakienda kulala. Balbu ya katikati waliing'oa na tundu wakaliziba kwa puti. Kwa hiyo ni zile, au giza.

— Wiki tatu! — Tabasamu alisema. — Wiki tatu mama anatiwa kiwi cha macho nyumbani kwa mwanawe! Macho yanamtoka machozi, kichwa kinagonga. Na huko anakokwenda mnakujua? Mama mdogo ana presha, ana wajukuu watatu, maji anachota nje. Atamgeuza nani? Atamwosha nani? Akianguka tena je? Na mimi nitapita wapi mtaani humu? Watasema mama yake alikaa wiki tatu akakimbia. Haya, semeni. Ni taa au ni rangi?

Hapo benchi likapasuka vipande viwili.

— Rangi haiwaki, — alisema Rola. — Mimi nimepaka nyumba za watu tangu sina ndevu, sijaona rangi inayowaka. Zima taa ile uone kama rangi itamwumiza mtu.

— Na mimi nimefunga taa za namna ile mahali pengi, — Fyuzi akajibu. — Kazi ya taa ni kuwaka. Nimefunga, imewaka. Unataka nini zaidi? Nije niilaumu kwa kufanya kazi yake?

— Taa yako ina vidoto, vinukta vyeupe vikali! Nimeviona kwa macho yangu nilipokwenda kumjulia hali mama. Vidoto, vidoto, vidoto, kuzunguka dari nzima, kama chuma kimepigwa risasi.

— Vidoto viko kwenye dari au kwenye mkanda? Jibu hapo. Mkanda umefichwa mferejini, huuoni. Vidoto unaviona kwenye rangi yako. Sasa ni vya nani?

Rola akanywa kahawa. Nikasema moyoni, huyu amebanwa.

Daktari hakuweza kuvumilia ubishi upite bila yeye kutia mkono.

— Nyote hamjui, — alisema akimimina. — Nilipokuwa hospitali...

— Ulipokuwa getini, — alisema Fyuzi.

— ...nilipokuwa hospitali niliwasikia mabingwa wakizungumza. Mwanga wa LED ni mwanga wa baridi. Balbu ya zamani ukiigusa inakuunguza, si kweli? Hii haiunguzi. Sasa jiulize, ule moto umekwenda wapi? Moto lazima utoke mahali. Taa haina moto, kwa hiyo inauvuta kutoka kwa aliye karibu. Mama yuko chini yake siku nzima. Inamvuta joto kichwani.

— Acha uzushi wewe, — nikamwambia.

— Uzushi? Kwa nini kichwa kinamgonga? Kinapoa!

— Mimi ninavyoona, — Rola akasema, akiwa amepata pa kupumulia, — shida ni lile dirisha. Mwanga ukiwa mwingi unatokea dirishani. Pale unagonga ukuta wa jirani, unarudi. Na ukirudi unakuta mwingine umeshatoka. Nyumba inajaa.

— Inajaa mwanga? — Fyuzi alishangaa.

— Inajaa. Kama pipa.

— Basi jioni mnafungua mlango unamwagika barabarani, watu wanaokota!

— Anasema kweli, — Daktari akamtetea Rola, na sikuamini masikio yangu. — Tena mama amelala chali. Aliyelala chali, pua zinatazama juu. Mwanga unapita puani. Sisi tunaotembea pua zetu zinatazama chini, tumenusurika kwa sababu hiyo.

Tabasamu alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeuliza njia akaimbiwa.

— Mama yangu anafungiwa nguo zake, — alisema polepole, — nyinyi mnanieleza habari za pua.

Na hapo Fyuzi akasema neno ambalo mpaka leo sijamsamehe.

— Ndugu yangu, tuseme ukweli bila kuumizana. Mama ni mtu wa koroboi. Amekulia koroboi, amezeekea koroboi. Macho yake hayajazoea mambo mazuri. Mpe muda, yatazoea.

Nikaweka nyundo chini. Mimi nina ulimi, lakini kwa wazee ninauzuia.

— We Fyuzi! Mama wa mwenzio anaumwa nyonga na macho, wewe unamwambia ni mshamba? Mtu akikwambia kiatu kinambana utamwambia mguu haujazoea mambo mazuri? Mimi ningejibu wateja hivyo, kibanda hiki kingekuwa na panya tu. Anayevaa ndiye anayejua kinapobana. Basi!

— Sikusema mshamba...

— Umesema! Umesema ukapamba!

Nilikuwa nimekasirika kweli. Na hasira yangu huishia mikononi, kwa hiyo nikakamata kiatu cheusi kilichokuwa mbele yangu, nimetoka kukipiga brashi, kinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nikachukua na ndara moja ya ngozi chakavu, kavu, haijawahi kuonja dawa. Nikamwambia Tabasamu:

— Lete simu yako. Washa tochi.

Akawasha. Nikamulika pua ya kile kiatu cheusi, tukiwa ndani ya kivuli cha kibanda. Pale pale kikatokea kidoto cheupe kikali, ukikitazama kinakutazama. Nikasogeza tochi, kidoto kikasogea. Nikamulika ile ndara. Hakuna kidoto. Mwanga umetandaa tu, mpole, ngozi yote inaonekana na jicho halisumbuki.

— Tochi ni ile ile, — nikasema. — Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?

— Mng'ao! — Fyuzi aliruka. — Ni rangi! Nilisema! Rola kapaka dari rangi inayong'aa, kila kitaa kwenye mkanda wangu kinajitazama pale juu kama kwenye kioo! Mama wa watu amelala chini ya kioo! Rola, wewe ndiye!

Tabasamu akamgeukia Rola, na ile sura sikuipenda.

— Rola. Dari inapakwa rangi ya kung'aa?

— Haipakwi, — alisema Rola.

— Haipakwi?

— Dari inapakwa rangi ya maji, butu, isiyong'aa. Hata anayeanza kazi leo anajua. Na mimi nilikuja na rangi butu. — Akaweka kikombe chini, akasimama kabisa. — Nilikuja nayo hapa! Kwenye benchi hili! Nilikuwa na makopo mawili, moja butu la dari, moja la mafuta la milango na madirisha. Tabasamu, ulikuwepo, ulikaa hapo alipokaa Daktari. Ukauliza, hii butu si itaonekana kama haijaisha? Kabla sijajibu, kuna bwana mkubwa mmoja hapa, ana nyundo mkononi, akasema: "Rangi butu ni ya ghala. Mpakie dari ing'ae kama kiatu cha afisa." Mkacheka, mkapigana viganja. Ukaniambia, sikiliza maneno ya Soli. Basi nikasikiliza maneno ya Soli!

Nikapata ghafla haja kubwa ya kutafuta sindano iliyoanguka. Niliitafuta chini ya meza muda mrefu kidogo.

— Soli, — Tabasamu aliniita.

— Naam.

— Ulisema?

— Nilikuwa nazungumzia viatu.

— Ulikuwa unazungumzia dari yangu!

— Nilisema, — nikakubali, na masikio yalikuwa ya moto. — Lakini mimi ni fundi viatu, jamani! Fundi rangi mwenye akili zake anakwenda kuchukua ushauri wa dari kwa mtu anayetazama chini siku nzima? Nikikwambia uipigie dari visigino utapiga?

— Mwenye nyumba akisema, nitapiga! — Rola alifoka. — Ndiyo kazi yetu ilivyo. Mwenye nyumba anamsikiliza kila apitaye isipokuwa fundi aliyemwita. Ukimbishia anakwambia fundi mjuaji. Usipombishia, taa zikimchoma mama yake anakuja na kidole. Nimechoka mimi!

Na alikuwa na haki ya kuchoka, ingawa sikumwambia. Lakini Rola hakutaka kuzama peke yake. Kwenye meza yangu nina karatasi nyeupe, laini, ya kufungia viatu vya wateja. Akachomoa moja, akaikunja mara mbili, akaifunika ile tochi ya simu, akamulika kiatu kile kile cheusi kinachong'aa. Kidoto kilikuwa kimelainika. Badala ya kidoto palikuwa na wingu jeupe, unalitazama bila kukunja uso.

— Kiatu ni kile kile, — Rola alisema, akiniiga mpaka sauti. — Kilichobadilika ni nini? Fyuzi! Zile taa zilikuja na kifuniko. Kirefu, cha plastiki, cheupe kama maziwa, cha kuziba mkanda mwanga utoke mpole. Nilikiona. Kiko wapi?

— Kipo, — alisema Fyuzi.

— Kipo wapi?

— Kwenye boksi.

— Boksi liko wapi?

— Juu ya kabati. Pale pale sebuleni. Lakini kile kifuniko kinakula mwanga! Nilikiweka, mwenyewe Tabasamu akasema mbona zimefifia. Akasema anataka mtu akipita barabarani, mlango ukiwa wazi, ajue kuna taa mle ndani. Nikakitoa. Nilimwambia pia achukue za mwanga wa njano kidogo, zinapumzisha jicho, akasema za njano ni za baa. Nikamwambia tuweke swichi ya kupunguza mwanga, akasema kwa nini apunguze kitu kizuri. Nimwambie mara ngapi?

— Ala! — nikasema. — Kumbe na mwenye kidole naye!

Tabasamu alikuwa amekaa sasa, ukingoni mwa benchi, simu bado inawaka tochi mkononi mwake. Fyuzi angenyamaza hapo ingekuwa vizuri, lakini mtu aliyesingiziwa akishapata pa kushika haachii upesi.

— Tena wewe ni mtu wa taa kuliko mimi! Studio kwako taa umeivisha mwavuli mweupe. Kwa nini? Ili paji la uso la mteja lisimetemete. Nimekuona unampaka mtu poda puani sababu pua inang'aa! Paji la mpita njia unalitunza namna ile, halafu mama yako unamlaza chini ya taa mia tatu ziko uchi!

— Studio ni kazi, — Tabasamu alisema. — Kule nyumbani nilitaka kupendeza.

— Kumpendeza nani?

— Mama! Ni mama nilitaka kumpendeza! Nilisema amelala pale miezi mitatu, atazame kitu kizuri. Si mlikuja nyote siku ile? Si mlisema dari imetulia? Daktari ulisema hata hospitali hawana!

— Nilisema, — Daktari alikiri. — Na hawana.

— Mlisimama pale mlangoni mkapiga makofi!

Kweli tulisimama pale mlangoni. Kila mtu anayekuja kuona sebule mpya ya mwenzake husimama mlangoni, mikono nyuma, anainua uso kidogo, anasema, aisee. Kutoka mlangoni unaona kuta nne zimevaa mwanga, unaona nusu ya dari kwa pembeni, na vile vidoto havikuelekei wewe. Vinaelekea chini, kitandani. Kitanda siku ile hakikuwepo bado. Rola alikagua kazi yake akiwa juu ya ngazi, mchana, taa hazijaunganishwa. Fyuzi alikagua yake kwa kubonyeza swichi: imewaka, amezima, amefunga boksi la vyombo vyake. Ukiniuliza mimi kinachonichoma ni nini mpaka sasa, ni hicho. Mafundi wawili, mpiga picha mmoja na mjuaji mmoja wa viatu, hatukuwa na hata mmoja aliyekaa chini siku ile akainua macho.

— Sasa tufanye nini? — Tabasamu aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka. — Ni saa kumi na dakika tano.

Hapo tukawa watu tena.

— Rangi naweza kuipiga msasa nikaipaka butu juu yake, — alisema Rola. — Lakini vumbi, na harufu, na mama hatoki kitandani. Hiyo isubiri. Tuanze na taa.

— Kifuniko nakirudisha nusu saa, — Fyuzi alisema, ameshasimama. — Bisibisi ninayo. Na mkanda naugeuza kidogo utazame ukuta badala ya kutazama dari juu kwa juu. Mwanga ukifika darini utakuwa umeshachoka. Ule upande wa kichwani kwake nauzima kabisa, nakata waya, sihitaji hata kumuuliza mtu.

— Na kitanda tukisogeze, — nikasema. — Kisiwe katikati.

— Na mimi nitapeleka kahawa, — alisema Daktari.

— Mgonjwa hanywi kahawa!

— Ya kwenu.

Tabasamu alikuwa ameanza kupata rangi usoni. Akawa anarudia, nusu saa, nusu saa, kama ni dawa ya kumeza. Ubishi ukabaki mmoja tu: nani aingie wa kwanza kumweleza mama. Fyuzi akasema aingie Rola, mama anampenda. Rola akasema aingie Soli, ndiye mwenye maneno mengi. Mimi nikasema aingie mwenye mama. Tabasamu akasema mama akishaamua jambo lake haambiliki, afadhali akute kazi imeshaanza. Tukawa tunasukumana hivyo, kwa sauti zile zile zetu za benchini, tulipomwona mama mmoja mfupi amesimama kwenye kona ya kibanda, amejitanda khanga, mkoba kaukumbatia. Sikujua alikuwa amesimama pale tangu lini.

Tabasamu aliruka.

— Mama mdogo! Shikamoo! Umefika saa ngapi?

— Marahaba. Nimefika mapema, njia ilikuwa nyeupe. Nimeshakaa na dada, nguo zake nimeshazifunga. Dereva ameshageuza gari. Nikamuuliza mkeo, mwenye nyumba yuko wapi, akaniambia fuata kelele.

Tukamwamkia sote kwa pamoja. Akaitikia.

— Mama mdogo, haondoki! — Tabasamu alisema, akishika mkoba wa watu kama ndio mgonjwa mwenyewe. — Tumepata dawa. Ilikuwa ni ile rangi, inang'aa, na taa hazikufunikwa. Huyu ndiye fundi. Anafunika zote, anazigeuza, upande wa kichwani anazima kabisa. Nusu saa tu! Mwambie dereva angoje nusu saa, na mwambie mama macho hayatamwuma tena.

Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka. Akamtazama Fyuzi.

— Nusu saa?

— Haizidi, mama, — Fyuzi alisema, bisibisi ameishika kama anakula kiapo.

— Haya. Mwekeeni. Hata akiondoka, watoto wa nyumba ile nao wana macho. — Akauhamisha mkoba mkono wa pili. — Ila mimi sikuja hapa kwa ajili ya taa. Nina swali. Si langu, ni la dada. Ameniuliza, nimeshindwa kumjibu, nikamwambia ngoja nikamuulize mwanao.

— Uliza, mama mdogo.

— Dada anasema taa zilipomzidi alianza kujifunika khanga usoni. Hajalala, yuko macho kabisa, amejifunika tu. Mkeo akija anamjua, anaingia huku anamwita mama. Watoto anawajua kwa miguu yao. Lakini kila jioni, anasema, kuna mtu anafungua mlango. Anasimama. Dada anangoja asalimiwe. Yule mtu anasimama kidogo, halafu anafunga mlango polepole, anakwenda zake. Kila jioni, wiki tatu. Dada anauliza, huyo mtu ni nani?

Rola alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilielewa mara moja, na nilitamani nisielewe, maana hata mimi nikimkuta mgonjwa amejifunika uso husema huyu amelala, natoka kwa ncha za vidole, na njiani najisifu kwamba nimemwacha apumzike.

Tabasamu alikuwa bado kaushika mkoba.

— Nilidhani amelala, — alisema.

— Wiki tatu?

— Nilikuwa sitaki kumwamsha, mama mdogo. Nikitoka kazini namkuta amejifunika. Haki ya Mungu nilidhani amelala.

— Sawa. Hukutaka kumwamsha. — Hakuwa na ukali, na ndiyo maana ilituuma wote. — Na mchana?

— Mchana niko studio.

— Studio ni ile pale? — Alielekeza kwa kidevu. Kutoka pale tulipokuwa, mlango wa studio ulikuwa unaonekana, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa unaonekana pia.

— Ndiyo ile.

Gari lilipiga honi mara moja, fupi. Mama mdogo aliuchukua mkoba wake mikononi mwa Tabasamu, taratibu, kidole kimoja kimoja, akajitanda khanga vizuri.

— Basi narudi kwa dada, — alisema. — Anangoja jibu. Nimwambie ni nani?

Tabasamu aligeuka akatazama mlango wa studio yake. Mama mdogo akatugeukia sisi tuliobaki, mafundi na wajuaji wote wa benchi lile, kana kwamba huenda mmoja wetu anajua, na hatukujua pa kuweka macho.